Kasoro ya Siku ya Saba

Watu husema kinyozi hajinyoi. Mimi naongeza: mke wa fundi visu humenyea viazi kisu kilichovunjika ncha, mpini umefungwa mpira wa baiskeli, na akilalamika anaambiwa hana shukrani.

Nilikuwa na kisu hicho jikoni kwangu kwa miaka thelathini na moja, muda uleule niliokaa na mume wangu. Na mume wangu, msinicheke, ndiye fundi ambaye watu walifunga safari kumfuata kwa ajili ya visu vidogo vya mfukoni. Majirani walimwita Fundi Kimya, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Angeweza kukaa kutwa nzima kwenye jiliwa lake la kubania chuma, tupa inakwenda na kurudi, na maneno yote aliyosema tangu asubuhi yakaenea kwenye kijiko cha chai.

Lakini visu vyake! Hapo hata mimi mwenye mdomo nilikuwa nanyamaza. Havikuwa vile vya kukunja. Vya kukunja alividharau. Kisu chenye goti, alisema, siku moja kitapiga magoti. Vyake vilikuwa chuma kimoja tangu ncha mpaka mwisho wa mpini, vimetolewa kwenye springi za magari makuukuu, mpini ukavishwa vibao vya mti pande zote mbili. Bapa halikuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Ukikishika, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe kwenye mpini, cha shahada kinapanda mgongoni mwa bapa, na mkono wote unatulia kana kwamba umekalishwa kwenye kiti chake. Mfukoni hukihisi mpaka ukihitaji, na kutwa nzima ni kukihitaji: kamba ya gunia, uzi uliochomoza kwenye pindo, chungwa, penseli ya mtoto, mwiba kwenye soli ya kiatu. Hakuna mapambo. Sijawahi kuona kitu kidogo namna ile kilichofikiriwa sana namna ile.

Kazi ya ala ilikuwa yangu. Ala ya kisu cha mfukoni si mchezo. Ikilegea, kisu kinadondoka ukiinama; ikibana, unavuta mpaka watu wanadhani una ugomvi na suruali yako. Nilikata ngozi nene ya ng'ombe, nikaishona kwa uzi uliopakwa nta, nikailoweka mpaka ilainike. Kisha kisu nikakipaka grisi, nikakifunga nailoni tabaka tatu, nikakisukuma ndani na kuikanda ngozi kwa vidole mpaka ishike umbo la kisu hichohicho na si kingine. Ikishakauka, unaifunga kitanzi chake kwenye ukanda, ala inakaa mfukoni, na kisu kinatoka kwa msukumo wa dole gumba tu. Ile nailoni ndiyo kila kitu. Ngozi yenye maji na chuma kitupu vikilala pamoja, asubuhi unaamkia kutu. Hilo hata paka wa karakana yetu alilijua.

Nilikuwa na kazi ya pili pia, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Kila kisu kikikamilika, kabla ya kwenda kwa mtu, kilikaa siku saba kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikifanyisha kazi zote za nyumba na za karakana bila huruma. Siku ya saba mume wangu alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake, akanyoosha kiganja na kuuliza neno moja.

"Kasoro?"

Nami nilitaja. Ncha imeinama kushoto unywele mmoja. Mpini unateleza ukiwa na sabuni. Mgongo wa bapa una kona, unaniuma kidole. Yeye hakubisha hata mara moja. Alikichukua, akairekebisha kasoro hiyo, akakiuza. Nilijivuna kwa kazi hiyo, sitaficha. Nilijiambia kwamba kama si jicho langu, Fundi Kimya angekuwa fundi kama mafundi wengine. Visu zaidi ya mia sita vilipita mfukoni mwangu, na hakuna hata kimoja kilichobaki.

Kimoja kiliniuma. Miaka ishirini na moja iliyopita alitengeneza chenye mpini wa mti wa mpera, rangi ya chai iliyokolea. Kile kisu tulielewana tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikisahau karibu na jiko, mpini ukaungua kwenye mkia, alama nyeusi kama punje ya maharage, na hata alama ile nikaipenda. Ilipofika siku ya saba nilitaka kumwambia, baba watoto, hiki usikiuze. Lakini mimi sikuzaliwa na mdomo wa kuomba. Nilitaka anipe mwenyewe, bila kukumbushwa, kama mtu anayejua anaishi na nani. Basi alipouliza, nikasema kinachonijia.

"Kizito kidogo mkiani."

Ulikuwa uongo mtupu. Alikilaza juu ya kidole chake kimoja kukipima, kikasimama sawa, hakikuinama mbele wala nyuma. Akanitazama. Nikaushikilia uongo wangu kwa mikono miwili. Wiki hiyohiyo kikauzwa, na mimi nikaenda kulia bafuni, maji yakimwagika ili nisisikike.

Mwaka huu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe, baadaye vifungo vya shati, mwishowe tupa. Daktari alisema ni mishipa, dawa zitapunguza lakini hazitaondoa. Mume wangu hakusema kitu. Nililalamika mimi, kwa niaba ya wawili.

Ndipo akaja Mama Miche. Huyu ni mwanamke anayepandikiza miche ya matunda: anachukua kikonyo cha mchungwa mtamu, anakiunga kwenye shina la mlimao mkali, anafunga, na baada ya miaka michache watu wanakula machungwa. Mrefu, mwepesi wa kucheka, kucha zake zina udongo usiotoka tena.

"Fundi, rafiki yangu huyu amezeeka kuliko mimi," alisema, akaingiza mkono mfukoni. "Nitengenezee ndugu yake."

Akaweka kisu mezani. Bapa lilikuwa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka limebaki nusu ya upana wake. Mpini ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa, umebonyea pale dole gumba linapokaa. Na mkiani, alama nyeusi, punje ya maharage.

Nilikuwa nimeshika uma wa kutobolea ngozi. Nilijikaza kisabuni, nikatoboa tundu mahali pasipohitaji tundu.

"Kimefanya kazi kweli hiki," mume wangu alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Weee! Mashamba yote ya machungwa mnayoyaona njia ya mtoni, hakuna shina ambalo halijaguswa na hiki. Sijawahi kujuta. Ila uliniringia, Fundi! Siku zile nilikuja siku tatu mfululizo, kila siku njoo kesho, njoo kesho. Sijui ulikuwa unangoja nini."

Mume wangu aliinamia kisu, akapitisha kidole kwenye ile alama. "Nitakutengenezea," alisema. "Lakini hicho ndicho cha mwisho. Mkono umechoka."

Hakuwa ameniambia. Nililisikia pamoja na mteja, kama mpita njia.

Kwa kawaida kisu kilimchukua wiki mbili. Hiki kilimla wiki tano, nami nilikaa upande wa pili wa meza nikitazama, najifanya nashona. Alikipiga moto akingoja rangi anayoijua yeye, akakizamisha kwenye mafuta, akakirudisha motoni taratibu mpaka chuma kikawa na rangi ya nyasi kavu. Hapo mkono haukuwa na shida, maana ile ilikuwa kazi ya macho. Shida ilikuwa tupa. Niliiona ikisimama hewani, ikingoja mkono utulie, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. Mkono ukitulia, anavuta mara moja, mara mbili, anasimama tena. Wiki tano namna hiyo. Na kisu kilichotoka pale hakikuwa na mkwaruzo mmoja wa kusema mwenye kukitengeneza anaumwa. Ningekuwa mtu wa kupiga makofi, ningepiga.

Akakitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Siku ya kwanza nilimenya chungwa, ganda likatoka refu bila kukatika, mpaka nikaita jirani aje aone. Siku ya tano nilijikuta nimeingiza mkono mfukoni bila sababu yoyote, nakigusa tu. Siku ya saba akanawa, akaketi, akanyoosha kiganja. Kiganja kilikuwa kinatetemeka.

"Kasoro?"

Moyo ulisema, sema kitu. Lakini kilikuwa cha Mama Miche, kilikuwa na mwenyewe tangu kikiwa springi ya gari. Ilibidi niitafute kasoro kwa tochi.

"Mpini umezidi mviringo kidogo. Mkono ukilowa, unazunguka."

Akaitikia kwa kichwa, akaupunguza kwa msasa. Kisha akaniachia kisu nikishonee ala, akaenda kulala, maana dawa zilimchosha.

Ilikuwa Jumamosi adhuhuri. Nilikata, nikashona, nikailoweka ngozi. Nikachukua nailoni. Nikaishika kwa muda, nikairudisha mezani.

Sitamsingizia shetani, ana kazi zake. Nilijua ninachofanya. Mpandikizaji hawezi kutumia kisu chenye mashimo ya kutu. Utomvu unaingia humo na kuhamisha ugonjwa toka mti hadi mti. Angekikataa. Kisingeuzika popote, kingerudi nyumbani, na nyumbani kwetu ni nani angebaki nacho? Ningesema nimesahau. Mtu mzima husahau. Nikakisukuma kisu kitupu ndani ya ngozi yenye maji, nikaikanda vizuri, nikaiweka juu ya rafu.

Jumapili sikukalika. Nilifagia ua mara tatu. Jumatatu asubuhi nikakivuta.

Upande mmoja wa bapa, kuanzia katikati mpaka karibu na mpini, ulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia. Nilifuta kwa kitambaa, mengi yakapungua, lakini mawili yalikuwa yamekwisha kula chuma, mashimo madogo kama ya sindano. Nilikumbuka ile tupa ikingoja hewani. Wiki tano za mkono mgonjwa, na mimi nilikuwa nimezilaza majini kwa makusudi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mume wangu akaingia. Alikiona kabla sijakificha. Akakichukua, akaenda nacho dirishani, akakigeuza kwenye mwanga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimeungoja mshindo huo kwa miaka thelathini na moja.

"Umesahau nailoni," alisema.

Alinifungulia mlango wa kutokea. Nilikuwa na kazi ya kusema ndiyo tu.

"Sikusahau," nikasema. "Nilifanya makusudi. Nilitaka kiharibike kibaki hapa, kwa sababu ni cha mwisho na mimi sina hata kimoja. Mia sita na zaidi vimepita mfukoni mwangu kama abiria. Kile cha mpera nilikililia machozi, na umekiona majuzi kinavyokuja kutembea hapa na mwenyewe! Hata siku moja hukuniambia, mke wangu, hiki chako."

Aliketi kwenye kigoda.

"Nilikuwa nakuuliza kila siku ya saba," alisema.

"Uliniuliza kasoro!"

"Ndiyo. Nilijiapia mwaka ule wa kwanza. Kisu ambacho utasema hakina kasoro, hicho chako. Mimi nimpe mke wangu kitu chenye kasoro?"

Nikaipiga meza kwa kiganja.

"Miaka thelathini na moja! Huo mdomo ulipewa wa kupulizia chai tu? Si ungesema?"

"Ningesema, ungekuta hakina kasoro siku ya pili."

"Ningekuwa nimekuonea huruma!"

"Sikutaka huruma," alisema. "Nilitaka kiwe kizuri."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kile cha mpera nilikipima. Hakikuwa kizito. Nikajua umetafuta neno. Nikadhani hukukipenda na unaona haya kuniambia. Yule mama nikamzungusha siku tatu, nikingoja useme kitu."

Nikalia, na safari hii sikufungulia maji. Nilimlilia yeye zaidi ya kisu. Wajinga wawili, mmoja hasemi, mwingine hasemi kinachotakiwa.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na mdomo wake ulikuwa karibu kucheka. "Lete mafuta na lile jiwe laini. Mama Miche anakuja Jumatano."

Tukakaa pamoja mezani. Mashimo ya kutu hayatoki kwa kufutwa. Lazima bapa lote lishushwe kiasi kilekile, la sivyo linaacha bonde. Mkono wake ulijua na haukutulia. Wangu ulitulia na haukujua. Akauweka wake juu ya wangu. Mtetemo ukaniingia mpaka kwenye kiwiko, nikaupokea pale, na kisu chini yake kikabaki kimetulia.

"Usibonyeze. Kisindikize tu. Hapo. Sasa rudi."

Siku mbili alizungumza kuliko alivyozungumza miaka kumi. Rudi. Geuza. Futa utazame. Shimo la kwanza lilitoka Jumatatu jioni, la pili Jumanne mchana, na chuma kilikuwa kimepungua unene wa karatasi. Kisha nikashona ala nyingine, na nailoni nikazungusha tabaka sita. Yeye alizihesabu.

Jumatano Mama Miche alikichomoa kwa dole gumba, akaokota kijiti uani, akakikata mshazari mara mbili, akaviunganisha vipande na kuviinua juani. Mwanga haukupita katikati.

"Hiki kitashika," alisema. "Fundi, una kipaji wewe."

"Dada, kilishika kutu," nikamwambia. "Mkononi mwangu, si kwake, na haikuwa bahati mbaya. Tumeitoa. Kama hukitaki, sema."

Alipitisha ukucha kwenye bapa, upande huu na upande ule. "Mbona sioni?"

"Ndiyo maana nakuambia."

Akanitazama, akamtazama mume wangu, akacheka polepole. Ana akili, hakuuliza. Akakitia mfukoni. Halafu akakitoa kile cha zamani, akakishika kwa mikono miwili. "Na huyu sijui nimpeleke wapi. Kumtupa naona dhambi."

Mume wangu akanyoosha mkono. "Niachie."

"Usimfanye misumari, Fundi."

"Sitamfanya chochote."

Alipokwisha kuondoka, mume wangu alikinoa kile kisu kidogo tu, kwa utaratibu, akiuegemeza mkono kwenye ukingo wa meza. Kisha akainuka, akakitia kwenye mfuko wa aproni yangu, akarudi kwenye kigoda chake. Nikaelewa.

Nilikaa nacho siku saba. Nilikitumia bila huruma, kama kazi inavyotaka. Kilikata uzi, kilichonga penseli, kilitoa mwiba. Bapa lilikuwa nusu ya lile nililolijua. Mpini ulikuwa umebonyezwa na dole gumba la mwanamke mwingine, na siku mbili za mwanzo dole langu halikukubali kukaa pale. Siku ya tatu likakubali. Alama ya maharage ilikuwa mahali pake.

Siku ya saba akanawa mikono. Akaketi, akanyoosha kiganja, kikawa kinatetemeka pale mbele yangu.

"Kasoro?"

Niliingiza mkono mfukoni, nikakishika humohumo. Sikukitoa.

"Hakina," nikasema.

Kiganja chake kilibaki wazi kwa muda, kisha akakifumba na kukirudisha gotini.

"Umechelewa miaka ishirini na moja," alisema.

Nikamwambia anipishe, nina viazi vya kumenya.